Reli Isiyotajwa: Gari la Moshi katika Nyimbo za Nyanda za Juu za Bonde la Ufa

Makala haya yana asili yake darasani. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamili alipendekeza kukusanya nyimbo zihusuzo reli katika sehemu zinazouzunguka mji wa Eldoret. Alirudi na daftari lililojaa masimulizi, vitendawili viwili vitatu, na nyimbo chache zisizotosha hata sura moja ya tasnifu. Hitimisho lake likawa kwamba reli, pamoja na makuu yote iliyoyatenda katika historia ya nchi hii, haikuwagusa sana watunzi wa nyimbo wa nyanda hizi. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa waliolipitisha hitimisho hilo. Leo halikubali tena, na hana budi kueleza sababu.

Tunanuia kuonyesha kwamba swali lenyewe liliulizwa vibaya. Nyimbo za reli zilitafutwa katika maudhui peke yake, tena zikatafutwa kabila kwa kabila. Ilhali reli, kwa tabia yake, hukata mipaka ya makabila. Na katika nyimbo za eneo hili imekaa zaidi katika fani: katika jina, katika sauti, na katika mpangilio wa miili ya wachezaji. Wahakiki wetu wamebishana kwa muda mrefu kuhusu uhusiano wa fani na maudhui, na wengi tulifunzwa kwamba fani ni chombo tu kinachobeba ujumbe. Nyimbo tutakazozijadili zinatoa ushahidi wa chombo kilichofika salama baada ya shehena yake kumwagika njiani.

Historia yenyewe yajulikana, nasi hatutaikariri kwa urefu. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na Kisumu, iliyoitwa wakati huo Port Florence, mnamo Desemba 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na kiasi cha 2,500 kati yao walifia kazini. Eldoret haikuwamo katika ramani hiyo. Makaburu waliohamia Uasin Gishu mwaka 1908 walisafiri kwa treni hadi Nakuru, kisha wakazipanda nyanda kwa magari ya kukokotwa na maksai. Njia ya reli kutoka Nakuru kupitia Timboroa, penye kimo cha takriban mita 2,780, ilifika hapa mwaka 1924, na Kampala ikafikiwa mwaka 1931. Mji ulikuwa umeanzia kwenye shamba lililopewa namba 64, na namba hiyo ya Kiingereza, katika vinywa vya Wakalenjin, ikawa Sisibo. Msomaji alikumbuke jina hilo, maana tutalirudia.

Masimulizi, kama alivyogundua mwanafunzi wetu, ni mengi. Lililo maarufu zaidi katika sehemu hii ni lile la Kimnyole arap Turukat, orkoiyot wa Wanandi, anayesemekana kuwa alitabiri ujio wa nyoka atakayetoka upande wa maji ya mashariki, akitema moto na moshi, kwenda kuyafuata maji ya magharibi. Kimnyole aliuawa na watu wake wenyewe mnamo 1890. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliongoza upinzani uliowasumbua wajenzi na walinzi wa reli kwa muda wa miaka kumi hivi, mpaka alipouawa na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Wanandi waliokuwa wakiishi karibu na reli walihamishwa baada ya hapo. Kwa upande wa Agikuyu, utabiri unaofanana na huo hunasibishwa na Mugo wa Kibiru, na Ngũgĩ wa Thiong'o ameutumia katika riwaya zake. Mhakiki mwangalifu atautilia shaka utabiri unaosimuliwa baada ya tukio kutokea, na shaka hiyo ni halali. Linalotuhusu sisi ni jambo dogo zaidi: simulizi huitaja reli kwa kuwa mtambaji ana deni la kueleza jinsi mambo yalivyokuja kuwa yalivyo. Mwimbaji hana deni hilo. Kumdai taarifa za reli ni kumdai kazi ya mtambaji.

Tuuchukue sasa mfano ulio na uzito mkubwa kuliko yote tunayoijua. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini akirekodi muziki, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Miongoni mwa nyimbo alizozirekodi katika nchi hiyo kuna tatu zenye jina moja, «Chemirocha». Iliyosifika zaidi ni ya tatu, iliyoimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake kwa chepkong', ala ya nyuzi ya Wakipsigis. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia Wakipsigis. Katika wimbo wa wasichana hao yeye ni nusu mtu na nusu paa, na anahimizwa acheze kwa kurukaruka mpaka nguo zimtoke mwilini.

Wengi walioandika juu ya wimbo huu wameishia hapo, kwenye ajabu yake. Wamesahau kuuliza Jimmie Rodgers alikuwa nani. Alizaliwa mwaka 1897, akahusishwa maisha yake yote na Meridian, mji wa makutano ya reli katika jimbo la Mississippi. Baba yake alikuwa msimamizi wa genge la wafanyakazi wa reli. Yeye mwenyewe alifanya kazi ya breki katika treni za mizigo mpaka kifua kikuu kilipomdhoofisha. Alirekodiwa kwa mara ya kwanza mjini Bristol, Tennessee, mwaka 1927, na alipofariki mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 35 alikuwa akijulikana kama mfanyakazi wa breki aimbaye. Reli imo katika maneno yake, lakini vilevile imo katika koo lake. Santuri yake ya mwaka 1928, «Waiting for a Train», inaanza kwa honi ya treni anayoiiga kwa kinywa. Na ule mtindo wake wa kuivunja sauti ghafula kutoka chini hadi juu, usikiapo mara baada ya honi hiyo, huoni taabu kuamini kwamba viwili hivyo ni ndugu.

Ni nini basi kilichowafikia Wakipsigis? Kiingereza cha Mississippi kinawapa taabu hata Waingereza. Maudhui, yaani safari, ufukara, stesheni na jela, yaliangukia njiani. Kilichofika ni sauti inayovunjika, nyuzi zinazopigwa, na jina. Na jina hilo lilipokewa kama ilivyopokewa namba 64: «Jimmie» likawa «Chemi», likaingia bila shida katika masikio yaliyozoea majina kama Chebet na Chepkoech. Sisibo na Chemirocha ni mazao ya kinu kimoja.

Hapa inafaa tutahadhari na maelezo mepesi. Mtu aweza kudhani kwamba reli ilipotea kwa sababu wasichana wa Kapkatet hawakuijua. Sivyo. Treni zilikuwa zikipita katika nchi ya Wakipsigis tangu mwaka 1901, na stesheni ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, ilikuwa yao kama ilivyokuwa ya serikali. Waliijua treni. Walimjua na mwimbaji wa treni. Hawakuwa na njia ya kujua kwamba mmoja alikuwa wa mwenzake. Sahani ya santuri haikuwaambia, na pengine hata Tracey hakuona haja ya kuwaambia, kwa kuwa yeye mwenyewe alimtazama Chemirocha kama mungu Pan wa Wayunani aliyezuka upya Kericho. Kwa heshima zote anazostahili mtu aliyetuhifadhia sauti hizi, ulinganisho huo unatupeleka mbali mno. Sisi twasikia utani zaidi kuliko ibada. Santuri hutoa sauti isiyo na mwili. Wasichana waliipa miguu, na kwa kuwa miguu mizuri ya kurukia ni ya paa, wakampa ya paa. Kisha wakamtaka aitumie.

Mwenzetu mmoja idarani amepinga kwamba kwa kipimo hiki kila wimbo utakuwa wa reli, maana kila kitu kilisafirishwa kwa treni, pamoja na sukari na kodi. Pingamizi lake ni la haki. Jibu letu ni kwamba hatudai chochote pale ambapo mnyororo wa kihistoria hauwezi kuonyeshwa, pete kwa pete. Katika «Chemirocha» unaonyeshwa: genge la reli, mwimbaji, santuri, jina, chepkong'. Wimbo wa wazi kimaudhui haukosekani vilevile. Roger Whittaker, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1936, aliutungia wimbo wa sifa uliokuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lile lililoundwa mwaka 1948. Reli yenyewe ilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Wimbo huo utaingia katika kila orodha ya nyimbo za reli kwa urahisi. Hatuna ugomvi nao, ila hatuoni kwamba unatufunza mengi kuliko kichwa chake.

Mfano wa pili unaelekea upande wa pili kabisa. Neno la Kigikuyu kwa treni ni «mũgithi», na kuanzia mwongo wa 1990 neno hilo limekuwa jina la utanzu mzima wa muziki: mpiga gitaa mmoja, akina Mike Rua na Salim Junior, katika kumbi na mabaa ya Kati na ya Bonde la Ufa, akiunganisha nyimbo za zamani za Joseph Kamaru, tenzi za kanisani zilizobadilishwa maneno kwa ufuska usiofaa kunukuliwa hapa, na mara nyingi nyimbo za mtindo ule ule wa Marekani ambao Jimmie Rodgers huitwa baba yake. Ifikapo saa fulani ya usiku wasikilizaji huinuka, kila mmoja akaweka mikono mabegani mwa aliye mbele yake, na msururu ukazunguka kati ya meza. Ndiyo treni hiyo. Nyimbo zinazoimbwa wakati huo zaweza kuwa za mapenzi, za pombe au za siasa. Reli haihitaji kutajwa na yeyote. Kwa «Chemirocha» mwimbaji wa reli alibaki na reli ikatoka. Kwa mugithi reli imebaki, tena miilini, na maneno yako huru kwenda yatakako.

Katika *A Grain of Wheat* (1967), Ngũgĩ anawaonyesha vijana waliokwenda stesheni ya Rung'ei kila Jumapili kuilaki treni, kisha wakaelekea msituni kucheza. Tuliisoma sehemu hiyo kwa miaka mingi kama maelezo ya mandhari tu. Lakini hatua ile, kutoka treni hadi ngoma, ndiyo mugithi ulioikamilisha kwa kuifanya ngoma yenyewe kuwa treni. Na msururu ule unaojipinda kati ya meza, akiuona mtu aliyelelewa kwa simulizi za Kimnyole au za Mugo, atauitaje kama si nyoka?

Twalisema hili tukiwa Eldoret, na si neno jepesi hapa. Mapigano ya 1992 na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalifanya swali la nani ni mwenyeji wa nyanda hizi liulizwe kwa mishale na moto. Jirani zetu wengi walikuja kwa reli, au kwa sababu ya mashamba ambayo reli iliyafungua. Basi tunapowatuma wanafunzi kukusanya «nyimbo za Wakalenjin» na «nyimbo za Agikuyu» katika madaftari mawili tofauti, hatufanyi upangaji usio na madhara. «Chemirocha» na mugithi, zikikaa katika madaftari hayo, hazitakutana kamwe, ingawa zinachangia babu mmoja.

Tracey mwenyewe alipanga kazi yake hivyo hivyo. Kadi zake za rekodi zinataja watu, lugha, nchi na ala. Mahali pa kuandika njia hakuna. Nakala za nyimbo alizozirekodi zimehifadhiwa Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, na mwaka 2015 baadhi zilirudishwa kwa Wakipsigis, miaka 65 baada ya kurekodiwa. Mtu akizitafuta humo kwa neno «reli» hatazipata.

Mwanafunzi mwingine amekubali kuanza upya, na safari hii hatumii orodha ya makabila. Anakusanya kwa stesheni, kuanzia Nakuru: wimbo wowote, lugha yoyote, kwa sharti kwamba aeleze umefikaje hapo. Mpaka sasa yuko Timboroa.