Ishara za kalsiamu katika seli za moyo

Ishara za kalsiamu katika seli za moyo ni mwendo wa ayoni za kalsiamu kati ya sehemu mbalimbali za seli, ambao hugeuza msukumo wa umeme kuwa mkazo wa misuli. Moyo unapopumzika baina ya mapigo, kalsiamu iliyo huru ndani ya seli ni chache mno: iliyo nje huizidi takribani mara 10,000. Kwa sababu hiyo hata mlango mdogo ukifunguka kitambo tu, seli hutambua. Mwaka 1883 Sydney Ringer alionyesha jijini London kwamba moyo wa chura hauendelei kupiga katika maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu.

Ghala kuu la kalsiamu ni retikulamu ya sakoplazimu, mtandao wa vifuko uliozunguka nyuzi za misuli. Utando wa nje wa seli huzama ndani kwa mirija myembamba, ikakaribia ghala hilo kiasi cha kubakiza pengo la nanomita kama 15. Umeme unapopita, milango ya mirija huingiza kalsiamu kidogo. Hiyo huvuka pengo, hugusa vipokezi vya rayanodini, na ghala hufunguka. Kalsiamu huita kalsiamu. Cheche zitokazo kwenye vikundi vya vipokezi hivyo zilielezwa mara ya kwanza mwaka 1993. Katika pigo moja maelfu ya cheche huwaka pamoja, kalsiamu hunasa kwenye troponini C, na nyuzi hujikaza.

Kulegea nako ni kazi. Pampu iitwayo SERCA hutumia ATP kurudisha sehemu kubwa ya kalsiamu ghalani. Iliyobaki hutolewa nje na kibadilishaji kinachoingiza ayoni tatu za sodiamu kwa kila moja ya kalsiamu. Mitokondria, zinazojaza karibu theluthi ya seli, zimebanana na ghala na huonja kalsiamu inayomwagika. Kiasi kidogo huchochea utengenezaji wa ATP, hivyo moyo wa mtu anayepanda mlima hupata nishati unapoihitaji. Kikizidi, utando wa mitokondria hutoboka na seli hufa.

Jinsi milango hii inavyotegemeana huonekana wazi katika sumu ya mishale ya Afrika Mashariki. Msunguti, ambao kwa Kimaasai huitwa olmorijoi, ni mti wa jenasi Acokanthera. Magome, mizizi na vipande vya mti huchemshwa kwa saa nyingi hadi kubaki utomvu mzito mweusi. Kiini chake, uabaini, kilitenganishwa mwaka 1888 na Mfaransa Arnaud, na jina hilo limetokana na neno la Kisomali. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutumia mimea mingine, Adenium na Strophanthus, lakini sumu yake hushambulia mahali palepale.

Uabaini haigusi kalsiamu yenyewe. Huziba pampu ya sodiamu na potasiamu, ile aliyoieleza Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957. Sodiamu hurundikana ndani, kibadilishaji hukosa msukumo wa kutoa kalsiamu, na SERCA huendelea kulijaza ghala. Mwanzoni moyo hupiga kwa nguvu zaidi. Kisha ghala lililofurika huvuja bila kungoja umeme, mapigo huvurugika, na mnyama huanguka. Nyama yake huliwa, kwa kuwa utumbo hufyonza uabaini kidogo sana.

Digoksini, dawa inayopewa baadhi ya wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, hupita njia hiyohiyo. Kipimo kinachosaidia kiko karibu na kinachodhuru, na hatari huongezeka potasiamu inapopungua mwilini, maana dawa na potasiamu hugombea nafasi kwenye pampu ileile.