Shule za Mkataba na Haki ya Mzazi

Tumezoea kusema kwamba mtoto huyu anasoma kwa mapadri na yule kwa serikali, kana kwamba ni milki mbili zisizojuana. Historia ya nchi yetu haikubali mgawanyo huo.

Tarehe 26 Mei 1906 Kiti Kitakatifu kilipatana na Dola Huru la Kongo: misheni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Kwa miaka mingi mzazi Mwafrika hakuwa na la kuchagua. Shule iliyokuwa karibu ndiyo yake, na mara nyingi ilikuwa ya misheni. Mwaka 1954 waziri Auguste Buisseret alianzisha shule rasmi zisizo za dini kwa watoto Waafrika. Ugomvi ukawaka, ingawa hasa ulikuwa wa Wabelgiji wao kwa wao.

Mwishoni mwa 1974 Mobutu alizitwaa shule za makanisa. Somo la dini likaondolewa, mafundisho ya chama cha MPR yakashika nafasi yake. Lakini kuendesha shule si kutangaza amri. Hata miaka mitatu haijatimia, Serikali ikawarudia walewale iliowanyang'anya, na tarehe 26 Februari 1977 mkataba ukatiwa sahihi na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu wakafuata baadaye. Tangu hapo shule ya mkataba ni shule ya umma: Serikali hupanga programu na hulipa walimu, Kanisa husimamia kazi ya kila siku.

Ndivyo ilivyoandikwa. Katika miaka ya 1990 mishahara ilipopoteza thamani, wazazi ndio waliowalipa walimu, na shule za Kikatoliki hazikuwa nje ya jambo hilo. Mtoto asiyelipa alirudishwa nyumbani. Kuchagua shule kukawa kuhesabu fedha, na katika nyumba nyingi binti ndiye aliyebaki jikoni.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inampa mzazi haki ya kuchagua aina ya malezi ya mtoto wake, na papo hapo inataka shule ya msingi ya umma iwe bila malipo. Sharti hilo la pili lilisubiri hadi Septemba 2019, na madarasa yakafurika. Mzazi anayeandikisha mtoto leo hana budi kuuliza zaidi ya jina lililo langoni: darasa lina watoto wangapi, na mwalimu wake yumo katika orodha ya mishahara ya Serikali, au bado anangoja?