Kibali cha Fundi na Kibali cha Mwenziwe

Mume na mke wakiketi mezani usiku na barua ya kazi iliyotoka Marekani, jambo la kwanza wanalolitazama ni mshahara, wala si ajabu. Mmoja wao ni mtaalamu wa kompyuta, naye ameitwa. Mwenziwe ana shahada yake na kazi yake hapa Nairobi. Hesabu ya dola ni nyepesi. Hesabu iliyo ngumu ni ya yule ambaye jina lake halimo katika barua: atakwenda kama nani, na akisha kufika ataruhusiwa kufanya nini? Jibu la swali hilo halikutungwa siku moja. Limejengwa kipande kwa kipande kwa muda wa miaka sabini na zaidi, na atakaye kulielewa hana budi kuifuata historia ya sheria zenyewe.

Desturi ya kumwita fundi na kuisahau nyumba yake ni ya zamani, nasi katika Kenya tunao ushahidi wake wa chuma. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa na watu wapatao 32,000 walioletwa kwa mkataba kutoka India, hasa Punjab. Walikuwamo vibarua, na walikuwamo pia waashi, maseremala na wahunzi. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, na walio wengi waliwaacha wake zao kwao. Takribani 2,500 walikufa katika kazi hiyo. 6,700 hivi walibaki nchini baada ya mikataba yao kwisha.

Sasa na tuvuke bahari. Mwaka 1952 Marekani ilitunga sheria kubwa ya uhamiaji, na ndani yake mliwekwa fungu lililoitwa H-1, la wageni wenye sifa na uwezo wa pekee waliohitajiwa kwa kazi ya muda. Mgeni wa namna hiyo alipaswa kuonyesha kwamba ana makao kwao ambayo hakusudii kuyaacha. Mwaka 1970 mke au mume wa mgeni huyo, pamoja na watoto wake, waliandikwa katika sheria, na fungu lao likajulikana kama H-4. Waliruhusiwa kuingia, kukaa, na hata kusoma. Kazi ya mshahara walikatazwa. Yamkini watunga sheria wa siku zile walimwazia mwanamume anayefanya kazi na mwanamke anayemngojea nyumbani, na kwa kuwa safari ilidhaniwa kuwa fupi, hawakuona kwamba kungoja huko kungemdhuru mtu.

Lakini safari haikubaki fupi. Mnamo Novemba 1990 Rais George H. W. Bush alitia sahihi sheria iliyoleta viza ya H-1B, ambayo ndiyo wataalamu wa kompyuta wanayoijua hata leo. Kiwango kiliwekwa watu 65,000 kwa mwaka; kibali kilikuwa cha miaka mitatu, kikiweza kuongezwa hadi sita. (Miaka mitatu tena, kama ya wajenzi wa reli!) Zaidi ya hayo, mgeni aliruhusiwa kutumaini kukaa moja kwa moja bila ya tumaini hilo kumharibia viza yake. Hapo ndipo fundo lilipofungwa. Nafasi za ukaazi wa kudumu kwa njia ya kazi ziliwekwa kiasi cha 140,000 kwa mwaka, na katika idadi hiyo huhesabiwa pia wake, waume na watoto. Tena wenyeji wa nchi moja hawawezi kupata zaidi ya asilimia 7. Mlango wa kuingilia ulikuwa mpana, na ule wa kubakia ukawa mwembamba.

Miaka ya mwisho ya karne ya ishirini iliongeza msukumo. Makampuni yalihitaji watu wa kurekebisha programu za kompyuta kabla ya mwaka 2000, na biashara za intaneti zilikuwa zikichipuka kila upande. Bunge likapandisha kiwango hadi 115,000, kisha hadi 195,000, na mwaka 2004 kikarudi 65,000. Baadaye zikaongezwa nafasi 20,000 za waliopata shahada ya pili au zaidi katika vyuo vya Marekani. Wahindi ndio waliokuwa wengi kupita wote, na foleni yao ya ukaazi ikawa ndefu mno. Sheria ya mwaka 2000 ilimruhusu fundi aliyekwama katika foleni kuendelea na kazi hata baada ya miaka sita. Kwake yeye ilikuwa nafuu. Kwa mwenziwe ilikuwa na maana kwamba ule ungojaji uliodhaniwa kuwa wa muda mfupi ungeweza kufika miaka kumi au zaidi. Wahandisi, walimu na waganga, walio wengi wakiwa wanawake, walikaa majumbani na vyeti vyao sandukuni, si kwa kukosa ujuzi wala kwa kukosa wa kuwaajiri.

Tena sheria haikuwa na mizani moja. Tangu mwaka 2002, fundi aliyehamishwa na kampuni yake mwenyewe kwenda tawi la Marekani, kwa viza ya L-1, aliweza kwenda na mwenzi mwenye ruhusa ya kuajiriwa. Basi majirani wawili wa ngazi moja, wenye kazi moja na mshahara mmoja, huweza kuwa na nyumba mbili tofauti kabisa: katika hii wote wawili hutoka asubuhi, katika ile hutoka mmoja. Mimi sioni haki gani ingeweza kulitetea jambo hilo. Wala tusiharakishe kuwacheka Wamarekani, kwani hapa kwetu pia mwenye pasi ya mtegemezi haruhusiwi kuajiriwa mpaka apate kibali chake mwenyewe.

Ujerumani iliwahi kuonja matokeo. Mwaka 2000 serikali ya Gerhard Schröder ilitangaza mpango wa kuwaita wataalamu wa kompyuta 20,000 kwa miaka mitano mitano. Hadi mpango ulipokoma mwishoni mwa 2004, vibali vilivyotolewa havikufika 18,000. Ilipoanza kutoa kadi ya buluu ya Ulaya, mwaka 2012, mwenzi wa fundi alipewa ruhusa ya kufanya kazi tangu mwanzo.

Marekani ililegeza kidogo tarehe 26 Mei 2015. Tangu siku hiyo mwenye H-4 aliweza kuomba kibali cha kazi, lakini kwa sharti: ombi la mwajiri la kumpatia fundi ukaazi wa kudumu liwe limekwisha kukubaliwa, au fundi awe amevuka mwaka wa sita kwa njia ya ile sheria ya 2000. Kanuni hiyo ilishtakiwa mwaka ule ule. Mahakama ya rufani ya Washington iliithibitisha Agosti 2024, na Oktoba 2025 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi.

Hivyo neno zito kuliko mshahara katika barua ile ya mezani ni hili: je, mwajiri ataanzisha ombi la ukaazi, na lini? Foleni huhesabiwa kwa nchi ya kuzaliwa, na Mkenya hapangwi katika ile ndefu ya Wahindi. Lakini hata foleni fupi haianzi mpaka mwajiri aianzishe. Akichelewa miaka minne, mwenzi naye huchelewa pamoja naye. Na fundi akifukuzwa kazi, kanuni ya mwaka 2017 humpa siku zisizozidi 60 za kutafuta mwajiri mwingine, kubadili hali yake au kuondoka, na kibali cha mwenziwe hutegemea kile chake.

Tena barua yenyewe si ya kuaminiwa mno. Septemba 2025 Rais Donald Trump alitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya Marekani, kwa muda wa miezi 12. Tangazo lilitolewa tarehe 19, likaanza kutumika tarehe 21.