Ukimataifishaji wa Elimu ya Juu

Vyuo vikuu vyetu vina ofisi za uhusiano wa kimataifa, vinaandika mikakati na kusaini hati za makubaliano na vyuo vya ng'ambo, lakini shughuli yenyewe bado haijatulia kwenye jina moja la Kiswahili. Kwenye semina utasikia "intanashonalaizesheni". Wengine huandika "umataifishaji", na wapo wanaosema "utandawazi" wakidhani ni kitu kilekile. Mimi natetea neno la nne, ukimataifishaji.

Fasili inayotajwa zaidi na wataalamu ni ya Jane Knight, mtafiti wa Kanada, aliyoitoa mwaka 2003. Kwa ufupi, ni mchakato wa kuingiza sura ya kimataifa, ya tamaduni mbalimbali au ya dunia nzima katika malengo, kazi na utoaji wa elimu ya baada ya sekondari. Uzito uko kwenye mchakato. Kijana mmoja akipata ufadhili wa kusoma China, huko ni kusafiri kimasomo. Chuo kikipanga upya mitaala, utafiti na ajira ya wahadhiri wake kwa kuyazingatia mataifa mengine, hapo ndipo tunapopata ukimataifishaji. Utandawazi nao ni hali ya dunia: fedha, bidhaa na habari huvuka mipaka, tupende tusipende. Ukimataifishaji ni namna chuo au serikali inavyoamua kuikabili hali hiyo.

"Umataifishaji" nalikataa kwa sababu ya historia. Mtanzania akilisikia harakaharaka anakumbuka utaifishaji, yaani Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalipofanywa mali ya umma. Silabi moja haitoshi kutenganisha dhana mbili zinazokaribia kupingana. Tukianzia kwenye "kimataifa", neno ambalo kila msomaji analo, tunapata kukimataifisha, na wataalamu wa Kiswahili wamekwisha kulitumia wanapozungumzia kuenea kwa lugha yetu. Ni refu, nakubali, ila halipotoshi.

Tena lina faida ambayo neno la mkopo halina. Kitenzi chenye -ish- humtaka mtendaji na mtendwa. Ukilisema tu, swali linakuja lenyewe: nani anakimataifisha nini, na kwa manufaa ya nani?

Ulaya walikimataifisha vipimo. Mpango wa Erasmus ulianza mwaka 1987 kwa kubadilishana wanafunzi, na mwaka 1999 nchi 29 zikatia saini Azimio la Bologna ili shahada zao zifanane na kutambulika kuvuka mipaka. Huko mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, wakati Tanzania mwaka una krediti 120. Mwanafunzi anayehama bila mtu wa kumtafsiria namba hizo anaweza kupoteza muhula mzima kwa hesabu za karani.

Kwingineko kinachosafiri ni chuo chenyewe. Mwaka 2023 chuo cha teknolojia cha India, IIT Madras, kilifungua kampasi Zanzibar, ya kwanza ya familia ya IIT nje ya India, kikaanza na shahada za sayansi ya data na akili unde. Kijana wa Unguja sasa anazisomea shahada hizo kisiwani kwake. Hata hivyo, uamuzi wa mwisho juu ya kampasi za namna hii aghalabu hubaki kwa mwenye jina. Chuo Kikuu cha Texas A&M kilikuwa na kampasi Qatar tangu 2003, na Februari 2024 bodi yake kule Marekani ikapiga kura kuifunga kampasi hiyo ifikapo 2028.

Wanafunzi wanaosoma nje ya nchi zao wamepita milioni 6 duniani, na katika nchi kadhaa ada zao zimekuwa nguzo ya bajeti za vyuo. Lakini mlango wa wanafunzi hao huweza kufungwa na wenyeji wakati wowote, kama Kanada ilipoweka kikomo cha vibali vya masomo mwaka 2024.

Afrika Mashariki tulikuwa na njia yetu. Kuanzia 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja cha nchi tatu. Mlimani, kampasi ya Dar es Salaam, alifundisha Walter Rodney wa Guyana na alisoma Yoweri Museveni wa Uganda, na mijadala ya pale ilihusu ukombozi wa bara zima. Huo ulikuwa ukimataifishaji wa fikra, nao naupa thamani kubwa kuliko kampasi yoyote ya kuazima jina. Mei 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na kazi ya kulijenga iko mikononi mwa Baraza la Vyuo Vikuu lenye makao yake Kampala.

Ninaziomba ofisi zinazoandaa mikakati ziiandike kwa Kiswahili pia, na ukurasa wa kwanza useme wazi kinachokimataifishwa: mtaala, wahadhiri, utafiti au idadi ya walipa ada.