Kilichobaki Ndicho Kipimo: Boris Aronson na Jukwaa la Kiyahudi Baada ya Vita

Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, mbuni aliyesimamisha kijiji cha Wayahudi jukwaani alijua kwamba vijiji vya namna hiyo vipo na vina watu. Kufikia 1945, Wayahudi wapatao milioni 6 walikuwa wameuawa, na jamii nyingi za mashariki mwa Ulaya zilikuwa zimeangamia. Hata hivyo, uhakiki wa mandhari ya jukwaa umeendelea kushikilia swali lile lile: je, inafanana na mahali penyewe? Makala haya yanadai kwamba swali hilo halitoshi. La msingi zaidi ni kujua ushahidi gani umebaki, na mbuni ameutumiaje. Kazi mbili za Boris Aronson zinatusaidia kulijibu.

Aronson alizaliwa Kiev, mwana wa rabi. Alijifunza sanaa kwa Alexandra Exter, na mwaka 1923 akahamia New York, ambako alibuni majukwaa ya maigizo ya Kiyidi, likiwemo la kundi la Maurice Schwartz, kabla ya kujijengea jina Broadway.

Oktoba 1955 ilizinduliwa, kwa mandhari ya Aronson, tamthilia ya *The Diary of Anne Frank*, iliyoandikwa na Frances Goodrich na Albert Hackett. Desemba iliyotangulia, waandishi hao na mwongozaji Garson Kanin walikuwa wamekwenda Amsterdam, wakaonana na Otto Frank, babake Anne, na kulikagua jengo la maficho ya familia hiyo, ambalo lilikuwa bado limesimama. Ushahidi ulikuwapo, na Aronson aliuheshimu. Alivionyesha vyumba kwa pamoja, ukuta wa mbele ukiwa umeondolewa, na mapaa ya mji yakionekana juu. Uamuzi huo wa kiufundi una uzito wa kimaadili. Watu wanane waliojificha hawana pa kujitenga. Mmoja akilia, wengine wako hatua chache tu kutoka kwake, na hadhira inawaona wote. Maandishi ya tamthilia yamelaumiwa, tena kwa haki, kwa kuufifisha Uyahudi wa wahusika ili kisa kiwe cha kila mtu. Mandhari ya Aronson inakirudisha kisa Amsterdam, katika jengo moja, chini ya utawala wa Wanazi.

*Fiddler on the Roof*, tamthilia ya muziki iliyoongozwa na Jerome Robbins mwaka 1964, ilidai njia nyingine. Hapakuwa na jengo la kukagua. Anatevka ni kijiji cha kubuniwa kutoka hadithi za Sholem Aleichem, na maisha yaliyozizaa hadithi hizo yalikuwa yamefutwa. Aronson, aliyewahi kuandika kitabu kuhusu Marc Chagall katika miaka ya 1920, aliuegemea mtindo wa mchoraji huyo, na nyumba ya Tevye, mhusika mkuu, akaiweka juu ya jukwaa linalozunguka.

Mhakiki Irving Howe aliishutumu tamthilia hiyo ya muziki kwa kukipamba kijiji kupita kiasi. Hoja yake ni nzito, kwani umaskini na hofu ya watu hao havikuwa pambo. Lakini tuipime njia mbadala: vibanda vilivyonakiliwa kutoka picha za zamani, pamoja na matope yake. Hadhira ingerudi nyumbani ikiamini kwamba imekiona kijiji chenyewe, na imani hiyo ingekuwa ya uongo. Mtindo wa Aronson unakiri waziwazi kwamba tunachotazama ni kumbukumbu iliyopitia mikono ya msanii.

Tena mtindo wenyewe ni ushahidi. Chagall alikulia Vitebsk, katika maisha ya Wayahudi wa mashariki, na mwaka 1920 aliupamba kwa michoro ukumbi wa michezo wa Kiyahudi mjini Moscow. Jamii ilipoangamizwa, sanaa yake ilibaki. Aronson alikijenga kijiji kwa macho ya watu waliokijua, na tamati inauthibitisha uaminifu wake: duara la wanakijiji linavunjika, watu wanatawanyika, wala mandhari haijaribu kuwafariji.

Kwa hiyo tofauti kati ya kazi hizi mbili haitokani na kigeugeu cha msanii. Kanuni ni moja: jengo likibaki, lifuatwe kwa usahihi, ikibaki sanaa peke yake, mbuni ajenge kwa sanaa hiyo na asifiche kwamba amejenga. Anayebuni leo jukwaa la jamii yoyote iliyoangamizwa anawiwa na wafu uaminifu huo huo, na uhakiki wetu unapaswa kumdai.