Jaribio la ATTEND

Jaribio la ATTEND lilikuwa jaribio la kitabibu lililofanyika nchini Uhindi kati ya miaka 2014 na 2016. Lengo lake lilikuwa kujua kama mgonjwa wa kiharusi atapata nafuu zaidi iwapo ndugu yake atafundishwa kumfanyisha mazoezi nyumbani, kuliko akipata huduma za kawaida peke yake. Jaribio lilihusisha wagonjwa 1,250 katika hospitali 14, na ni mojawapo ya majaribio makubwa ya huduma za utengamao yaliyowahi kufanyika katika nchi inayoendelea.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la tiba The Lancet. Yalionyesha kwamba baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti kati ya makundi mawili yaliyolinganishwa.

Usuli

Kiharusi hutokea pale damu inaposhindwa kufika katika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba au kwa sababu umepasuka. Wengi wanaonusurika hubaki na udhaifu wa mkono na mguu wa upande mmoja, shida ya kusema au shida ya kumeza. Utengamao ni jumla ya huduma zinazomsaidia mtu wa namna hiyo kurudia shughuli zake, kama vile kuketi, kusimama, kutembea, kula na kuvaa nguo. Fiziotherapia, yaani tiba kwa njia ya mazoezi ya viungo, ni sehemu kubwa ya huduma hizo.

Katika nchi tajiri mgonjwa hulazwa kwenye kitengo maalumu cha kiharusi, kisha huendelea kuhudumiwa na wataalamu kwa wiki nyingi. Uhindi, yenye watu zaidi ya bilioni moja, ilikuwa na vitengo vya namna hiyo takriban 35 tu mwaka 2013, vingi vikiwa katika hospitali binafsi za mijini. Wagonjwa wengi huruhusiwa mapema kwa sababu ya gharama, na wanaporudi nyumbani hutunzwa na mke, mume, mtoto au mkwe.

Kutokana na hali hiyo lilizuka wazo la kuhamisha baadhi ya kazi za mtaalamu kwenda kwa mtu wa familia. Wazo lilikuwa na msingi. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2004, wenye wagonjwa 300 pamoja na ndugu waliowatunza, ulionyesha kwamba kuwafundisha ndugu hao kulipunguza gharama na kuwapa maisha bora wao na wagonjwa wao. Kama jambo hilo lingethibitika Uhindi, mamilioni ya familia zisizo na mtaalamu karibu zingepata njia rahisi ya kujisaidia.

Muundo wa jaribio

Jaribio liliongozwa na watafiti wa The George Institute for Global Health ya Sydney, Australia, wakiwa na Richard Lindley, kwa kushirikiana na madaktari wa Uhindi chini ya Jeyaraj Pandian wa Christian Medical College, Ludhiana, katika jimbo la Punjab. Fedha zilitoka katika baraza la taifa la utafiti wa afya la Australia.

Walioandikishwa walikuwa watu wazima waliopata kiharusi ndani ya mwezi mmoja, waliobaki na ulemavu, na waliokuwa na mtu wa familia aliye tayari kuwauguza. Uandikishaji ulianza Januari 2014 na kumalizika Februari 2016.

Wagonjwa waligawanywa kwa nasibu, yaani bila daktari wala mgonjwa kuchagua. Kundi la kwanza lilikuwa na watu 623, ambao walipata huduma za kawaida pamoja na mafunzo kwa familia. Kundi la ulinganisho lilikuwa na watu 627, ambao walipata huduma za kawaida tu. Ugawaji wa nasibu hufanywa ili makundi yafanane kwa umri, ukali wa ugonjwa na mambo mengine. Makundi yakifanana mwanzoni, tofauti itakayoonekana mwishoni inaweza kuhesabiwa kuwa imetokana na tiba yenyewe.

Mafunzo kwa familia

Mafunzo yalianza mgonjwa akiwa bado hospitalini na kuendelea nyumbani kwa muda wa hadi miezi miwili. Mratibu aliyefunzwa alimweleza ndugu kuhusu kiharusi, akamwonyesha jinsi ya kumgeuza na kumweka mgonjwa vizuri kitandani, na jinsi ya kumfanyisha mazoezi ya shughuli halisi kama kuinuka kitini au kushika kikombe. Mgonjwa, ndugu na mratibu walipanga pamoja malengo ya kufikia. Baadaye mratibu aliwatembelea nyumbani.

Matokeo

Kipimo kikuu kilikuwa idadi ya waliofariki au waliobaki wakitegemea msaada wa wengine baada ya miezi sita. Hali hiyo ilipimwa kwa kipimo cha Rankin, chenye alama kuanzia 0 (hana dalili yoyote) hadi 6 (amefariki). Mwenye alama 3 au zaidi alihesabiwa kuwa na matokeo mabaya. Wapimaji hawakujulishwa mgonjwa alikuwa katika kundi gani.

* Kundi lililopata mafunzo: 285 kati ya 607 walikuwa na matokeo mabaya (asilimia 47).
* Kundi la ulinganisho: 287 kati ya 605 walikuwa na matokeo mabaya (asilimia 47).
* Waliofariki: 72 katika kundi la kwanza, na 86 katika kundi la pili. Kwa takwimu, tofauti hiyo haikutosha kuonyesha kwamba mafunzo yaliokoa maisha.
* Waliolazwa tena hospitalini: 89 katika kundi la kwanza, na 82 katika kundi la pili.

Hali ya wagonjwa 1,212 kati ya 1,250 ilijulikana mwishoni, yaani karibu asilimia 97. Hilo linaongeza uzito wa matokeo, kwa kuwa jaribio ambalo wagonjwa wengi hupotea njiani haliwezi kuaminiwa sana.

Tafsiri ya matokeo

Watafiti walihitimisha kwamba hakuna sababu ya kuwekeza katika huduma mpya zinazohamishia familia kazi ya utengamao baada ya kiharusi, mpaka upatikane ushahidi mwingine. Walipendekeza kuchunguza kama kazi hiyo inaweza kufanywa na wasaidizi wa afya au timu za huduma katika jamii.

Matokeo haya hayana maana kwamba fiziotherapia haina faida. Makundi yote mawili yalipata huduma za kawaida, na jaribio lilipima nyongeza tu. Vilevile hayana maana kwamba familia haina kazi, kwa sababu hata katika kundi la ulinganisho wagonjwa walitunzwa na ndugu zao.

Zipo sababu kadhaa zinazoweza kueleza kukosekana kwa tofauti. Huenda mazoezi ya ziada yalikuwa machache mno. Huenda pia ujuzi wa mtaalamu, ambao hujengwa kwa miaka ya masomo, hauwezi kuhamishwa kwa siku chache. Tena, ndugu anayeuguza ana shughuli nyingine: anapika, analea watoto na kutafuta riziki.

Majaribio mengine yanayohusiana

Jaribio la TRACS la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2013, lilihusisha vitengo 36 vya kiharusi na wagonjwa 928 pamoja na ndugu zao. Nalo halikuona faida ya mafunzo yaliyokuwa yameonekana kufaa London.

Jaribio la AVERT, lililochapishwa mwaka 2015, lilichunguza jambo tofauti: kumwinua mgonjwa kitandani mapema sana, ndani ya saa 24, na kumfanyisha mazoezi mengi zaidi. Lilikuwa na wagonjwa 2,104 katika nchi tano, Malaysia ikiwemo. Waliopata matokeo mazuri walikuwa asilimia 46 katika kundi lililoinuliwa mapema na asilimia 50 katika kundi la kawaida. Jambo lililodhaniwa kuwa jema kwa kila mtu lilionekana kuwa na madhara.

Ugumu wa majaribio ya fiziotherapia

Katika jaribio la dawa, kundi la ulinganisho linaweza kupewa kidonge kisicho na dawa ndani, kinachofanana na kile halisi. Mazoezi hayawezi kufichwa hivyo: anayefanyishwa anajua, na anayefanyisha anajua. Ndiyo maana wapimaji wa ATTEND walifichwa makundi.

Ugumu wa pili ni nafuu ya asili. Wagonjwa wengi wa kiharusi hupata nafuu kiasi katika miezi ya kwanza hata bila mazoezi ya ziada. Bila kundi la ulinganisho, kila familia iliyofundishwa ingeona mgonjwa wake anaendelea vizuri na kushukuru mafunzo, na serikali ingeweza kutumia fedha nyingi kueneza mpango usioongeza kitu.

Ugumu wa tatu ni majaribio yasiyotangazwa kwa sababu matokeo yake hayakupendeza. Uhindi ilianzisha rejista yake ya majaribio ya kitabibu mwaka 2007, na ATTEND iliandikishwa humo na pia katika rejista ya Australia. Jaribio likiandikishwa kabla ya kuanza, watu hujua kwamba lipo na kipimo chake kikuu ni kipi, kwa hiyo ni vigumu kulificha au kubadili kipimo baadaye.

Umuhimu

Mwaka 2017, mwaka ule ule wa kuchapishwa kwa ATTEND, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa Utengamao 2030 ili kuzihimiza nchi zipanue huduma hizo. Shirika hilo linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 wana hali za kiafya zinazoweza kunufaika na utengamao. Katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya wanaohitaji hawapati huduma hizo.

Mchango wa ATTEND ni wa namna mbili. Kwanza, lilionyesha kwamba jaribio kubwa na makini la utengamao linaweza kufanyika katika hospitali za nchi inayoendelea. Pili, lilitoa tahadhari kwamba njia ya bei nafuu haipaswi kudhaniwa kuwa inafaa kabla ya kupimwa, hasa pale mzigo wake unapobebwa na familia ambayo tayari imeelemewa.