Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora: Mwongozo kwa Waamini wa Nachingwea na Ruangwa

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapopanga mikutano ya wananchi vijijini na ziara za kuwafikia wanafunzi mashuleni, waamini wengi hujiuliza maswali yale yale. Tume hii ni chombo cha nani? Ina uwezo gani? Je, ni jambo la siasa ambalo Mkristo angefanya vema kulikaa mbali? Katika makala hii tunakusudia kuyajibu maswali hayo kwa familia ya Mungu katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, ili anayekwenda mkutanoni aende akijua anachokifuata. Tunasema tangu mwanzo jambo moja: mkutano hauleti haki kwa sababu tu umeitishwa. Huleta haki pale aliye mdogo anapopata nafasi ya kusema mbele ya watu, na anapojua mahali pa kwenda siku inayofuata.

Chimbuko la Tume

Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuwa na chombo cha kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya viongozi na watumishi wa umma. Chombo hicho, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, kiliwekwa katika Katiba ya Muda ya mwaka 1965. Baadaye, mwaka 1984, Katiba ya Jamhuri ya Muungano iliingiziwa sura ya haki na wajibu, inayoanzia ibara ya 12 hadi ya 29. Mwaka 2000 Katiba ilirekebishwa tena ili kuanzisha Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayotajwa katika ibara ya 129 na zinazofuata. Sheria Na. 7 ya mwaka 2001 ikaeleza namna itakavyofanya kazi, na Jaji Robert Kisanga akawa Mwenyekiti wake wa kwanza. Kwa wananchi wa kusini, mlango wa karibu ni ofisi ya tawi iliyoko Lindi.

Tume inaweza nini, na haiwezi nini

Kwa mujibu wa Katiba, Tume hupokea malalamiko ya uvunjwaji wa haki za binadamu na ukiukwaji wa misingi ya utawala bora, hufanya uchunguzi, hutoa ushauri kwa Serikali, hupatanisha, na inapobidi hufungua shauri mahakamani. Kutoa elimu kwa umma ni sehemu ya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo maofisa wake wanapofika kijijini au shuleni, wanatimiza wajibu waliopewa na Katiba, wala hawapigii kampeni chama chochote. Kuwasilisha lalamiko hakulipiwi. Asiyejua kuandika anaweza kulieleza kwa mdomo likaandikwa, na anayeshindwa kufika anaweza kuwakilishwa na mwingine.

Mipaka yake nayo ijulikane, ili mtu asirudi nyumbani amevunjika moyo. Tume haichunguzi shauri ambalo tayari liko mbele ya mahakama. Tena, ikimaliza uchunguzi haitoi hukumu kama hakimu. Hutoa mapendekezo kwa mamlaka inayohusika. Mfano unaofahamika ni ule wa Nyamuma, wilayani Serengeti, ambako mwaka 2001 wananchi walichomewa nyumba zao na kuondolewa katika ardhi waliyoishi. Walalamikaji 135 walikwenda mbele ya Tume. Tume iliona kwamba haki zao zimevunjwa, ikapendekeza walipwe fidia. Mapendekezo hayo hayakutekelezwa, na suala likafika hadi Mahakama ya Rufani, ambayo ilikubali kwamba mapendekezo ya Tume yanaweza kupelekwa mahakamani ili yatekelezwe. Wananchi wale wanatufundisha mambo mawili: kwamba wanyonge wakishikamana sauti yao husikika, na kwamba safari ya haki huwa ndefu na huhitaji kumbukumbu zilizotunzwa vizuri.

Kanisa na haki za binadamu

Wapo wanaoichanganya Tume ya Serikali na Tume ya Haki na Amani ya Kanisa. Hizi ni mbili. Ile ya Kanisa inatokana na wito wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomfanya Mtakatifu Paulo VI kuunda mwaka 1967 chombo cha Haki na Amani mjini Roma. Kazi yake ni kuwalea waamini katika Mafundisho Jamii ya Kanisa. Haina mamlaka ya kuchunguza watumishi wa Serikali. Hata hivyo tume hizi mbili zinakutana mahali pamoja, yaani katika utu wa mwanadamu.

Ni vema tukumbuke kwamba Jimbo letu, lililoanzishwa kwa jina la Nachingwea kabla ya kuitwa Lindi mwaka 1986, lilizaliwa mwaka 1963. Mwaka huo huo, tarehe 11 Aprili, Mtakatifu Yohane XXIII alitoa waraka wake juu ya amani duniani, Pacem in Terris. Katika waraka huo alizitaja haki za binadamu moja baada ya nyingine: uhai, chakula, mavazi, makazi, matibabu, elimu, mali, na uhuru wa kukutana na wengine. Kisha akafundisha kwamba kila haki huandamana na wajibu. Anayedai haki yake na kusahau wajibu wake anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Katiba yetu nayo, baada ya kuzitaja haki, inaweka ibara za wajibu wa kila mtu kwa jamii. Msingi wa yote hayo, kwetu sisi tunaoamini, umo katika sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo: mwanadamu, mwanamume kwa mwanamke, ameumbwa kwa mfano wa Mungu.

Mabaraza mawili katika Maandiko

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha mabaraza mawili ambayo kila mwitishaji wa mkutano angepaswa kuyatafakari. La kwanza limo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, naye Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri. Wazee wakatangaza mfungo, wakaitisha watu, wakamketisha Nabothi mbele ya wote, na mashahidi wawili wa uongo wakasimama kumshtaki. Akauawa, na shamba likachukuliwa. Tuangalie vizuri: barua ilikuwapo, muhuri ulikuwapo, mkutano wa hadhara ulikuwapo, mashahidi walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema ukweli.

Baraza la pili limo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Mabinti watano wa Selofehadi, ambao baba yao alifariki bila kuacha mtoto wa kiume, walisimama mlangoni pa hema la kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakaomba wapewe urithi. Musa hakuwafukuza kwa kuwa ni wanawake, wala hakuwajibu kwamba desturi ndiyo hiyo. Alilipeleka neno lao mbele ya Bwana, na jibu likawa kwamba wanasema kweli. Sheria ya urithi ikarekebishwa kwa ajili yao na kwa ajili ya waliokuja baada yao.

Mambo yanayofaa kupelekwa mkutanoni

La kwanza ni ardhi. Nachingwea inaufahamu mpango mkubwa ulioletwa na watu wa mbali: ule wa karanga, ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Reli iliyojengwa kwa ajili yake kutoka Mtwara nayo iling'olewa. Leo Ruangwa ina madini ya kinywe, na uchimbaji unaweza kuleta ajira na maendeleo. Hatuwaambii wananchi waukatae. Tunawahimiza wajue haki zao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na Halmashauri haiwezi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Anayeondolewa kwenye ardhi yake kwa mujibu wa sheria anastahili fidia inayohesabu thamani ya ardhi, maendelezo aliyofanya, usumbufu, usafiri, makazi na faida anayoikosa. Mkorosho hungojewa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kisha hulisha nyumba kwa miongo mingi. Mwenye shamba anayo haki ya kuuliza umehesabiwaje, na kupewa jibu la maandishi.

La pili ni mali ya wajane na yatima. Miongoni mwa Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo umehesabiwa tangu zamani kwa upande wa mama, na mjomba amekuwa nguzo ya familia. Ndani ya mila hiyo upo uzuri, kwa kuwa mtoto hakuachwa bila mtu wa kumsemea. Lakini mila hiyo hiyo ikitumiwa na wenye tamaa, mume akifariki, ndugu zake huweza kuja kuichukua mikorosho ambayo mjane aliipanda na kuipalilia kwa mikono yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inatambua haki ya mwanamke juu ya ardhi sawa na ya mwanamume, na inaibatilisha desturi inayomnyima haki hiyo yeye, mtoto au mtu mwenye ulemavu. Mgogoro wa namna hii kati ya ndugu kwa kawaida hauanzii kwenye Tume. Usimamizi wa mirathi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Mgogoro wa ardhi huanza kwa upatanisho katika Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 halitoi tena uamuzi, kisha hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini pale mtumishi wa umma anapokataa kumsikiliza mjane, au anapodai chochote ili amsikilize, hapo ndipo pa Tume.

La tatu ni uongozi wa kijiji wenyewe. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaopaswa kufanyika walau kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Kijiji kisichokutana kimejinyima baraza lake cha kwanza kabla ya kulitafuta lingine.

Wanafunzi

Kuwafikia wanafunzi ni kupanda mbegu kwenye udongo uliolainika. Wajue kwamba kwa Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Wajue kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2016, kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela miaka 30. Wajue kwamba Mahakama Kuu mwaka 2016, na kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinakinzana na Katiba. Wajue pia kwamba tangu Novemba 2021 msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni. Kwetu sisi, tunaofundisha kwamba uhai ni zawadi tangu kutungwa mimba, kumpokea binti huyo na mtoto wake ni sehemu ya Injili.

Wajue tena kuhusu viboko. Kanuni za mwaka 2002 zinasema vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu, na mwanafunzi wa kike apewe adhabu hiyo na mwalimu wa kike kama yupo. Hatuwafundishi watoto dharau kwa walimu wao. Mwalimu anayezifuata kanuni hana cha kuogopa, na Chuo cha Ualimu Nachingwea ni mahali pafaapo sana kwa elimu hii, kwa kuwa mwalimu mmoja aliyeelewa huwafikia wanafunzi wa miaka mingi.

Unyago na jando navyo vizungumzwe kwa heshima, pamoja na makungwi na mangariba, bila kuwatukana. Mafunzo yanayomjenga kijana katika adabu na uvumilivu yabaki. Yanayomwondoa shuleni, au yanayomwaminisha binti wa miaka kumi na mitatu kwamba sasa yu tayari kwa ndoa, yaachwe.

Maandalizi katika jumuiya na parokia

Tunawaalika viongozi wa parokia, vigango na Jumuiya Ndogondogo za Kikristo kufanya mambo machache. Washauriane na maofisa wa kijiji ili mkutano usiwekwe wakati wa palizi au wa kuokota korosho, ambapo kina mama wote wako shambani. Pawepo mtu wa kutafsiri kwa Kimwera au lugha nyingine ya mahali kwa ajili ya wazee. Kina mama na vijana wapewe nafasi ya kusema kabla wakubwa hawajahitimisha. Mialiko iwafikie masheikh na waamini wa Kiislamu, ambao ni jirani na ndugu zetu katika vijiji hivi, kwa kuwa dhuluma haiulizi dini ya mtu.

Mwenye lalamiko aandike mapema nini kilitokea, lini, wapi, nani alihusika, na ni ofisi zipi ameshazifikia. Atunze nakala za barua na risiti. Asiyeweza amwone msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, au Tume ya Haki na Amani ya parokia. Na asemwe vibaya mtu yeyote pale tu ambapo ni kweli. Amri ya nane inatufunga hata tunapodai haki.

Baada ya mkutano, jumuiya iulize: nani alisema, na limefikia wapi? Swali hilo likiulizwa kila mwezi, mjane hatabaki peke yake na karatasi zake, na binti aliyeinua mkono darasani atajua kwamba watu wazima walimsikia. Mwenyezi Mungu atujalie mabaraza kama lile lililowasikiliza mabinti wa Selofehadi, na atuepushe na ukimya wa wale walioketi kumtazama Nabothi.